Umeme Usio na Waya Umeshafika Marui

Kijana mmoja mwenye kibanda cha kuchaji simu kata ya Marui, wilayani Kisarawe, aliniuliza kama anunue ile sahani ya kuchajia ambayo simu inalazwa juu yake bila kuchomekwa. Mezani kwake palikuwa na simu saba, waya zimesokotana, na simu mbili zimefungwa raba ili kichwa cha chaja kisichomoke. Nilimwelewa. Tundu la chaja huwahi kufa kabla ya simu yenyewe.

Nilianza kwa kumwonyesha transfoma juu ya nguzo. Ndani yake mna koili za waya zisizoungana. Ya kwanza inapokea umeme wa volti 33,000 au 11,000. Umeme ule unazaa nguvu ya sumaku inayogeuka-geuka mizunguko 50 kwa sekunde, na sumaku hiyo inaamsha umeme mpya kwenye koili ya pili, ule wa volti 230 unaotufikia majumbani. Michael Faraday alilionyesha jambo hili mwaka 1831. Kwa hiyo kila nyumba yenye Luku tayari inatumia umeme uliovuka pengo lisilo na waya.

Sahani ya kuchajia ni transfoma iliyopasuliwa katikati: koili moja imo kwenye sahani, nyingine mgongoni mwa simu. Chuma cha kuiongoza sumaku kutoka koili hadi koili hakipo, ndiyo maana mizunguko inapandishwa hadi zaidi ya 100,000 kwa sekunde na simu inatakiwa ilale karibu kabisa, milimita chache tu. Ikisogea pembeni kidogo, nguvu inapotea na simu inapata joto. Chini ya bati la Marui saa nane mchana, joto hilo linaila betri.

Umbali ndio adui mkubwa. Mwaka 2007 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, waliwasha taa ya wati 60 kutoka mita mbili bila waya, na karibu asilimia 40 tu ya nguvu ilifika. Umeme wa Bwawa la Julius Nyerere unakwenda Chalinze, kilomita 160, kwa nyaya za kilovolti 400, na kwa kazi ya namna hiyo sioni kitakachozing'oa nyaya hizo.

Mahali umeme usio na waya unapong'ara ni pale panapohitajika nguvu kidogo sana. Tazama hereni ya ng'ombe ya kielektroniki, ile inayosomwa kwa mawimbi. Ndani mna koili nyembamba kama unywele na chipu ndogo kuliko punje ya mtama. Betri hakuna. Mtaalamu wa mifugo akisogeza kisomeo sikioni, kisomeo kinaitupia koili nguvu, chipu inaamka, inataja namba yake ya tarakimu 15, inalala tena. Ng'ombe anaendelea kucheua. Kadi ya N-Card unayogusisha kwenye kivuko cha Kigamboni inaamshwa vivyo hivyo. Mimi hereni ile inanivutia kuliko sahani yoyote ya dukani.

Turudi kibandani. Paneli ya sola ya wati 50 kwenye jua zuri huacha kama wati-saa 200 za kutumia kwa siku. Betri ya simu ya mAh 5,000 hubeba wati-saa 19 hivi. Ukihesabu kinachopotea njiani, kwa waya utajaza simu nane. Kwa sahani, sita. Hao ni wateja wawili wanaorudi nyumbani na simu zilizozima. Tena viswaswadu, ambavyo ndivyo vingi pale mezani, havina koili ya kupokea. Ukivilaza juu ya sahani mpaka jioni, havitaingiza kitu.

Nikamwambia upo waya wa chaja wenye kichwa cha sumaku: kipande kidogo kinabaki ndani ya tundu la simu, waya unanasa na kubanduka kwa nje, tundu halichakai. Aliinua simu moja iliyofungwa raba, akalimulika tundu lake kwa tochi, akaniuliza kipande hicho kinapatikana kwa matundu ya aina ngapi.