Tiba ya Mgongo wa Mzee Haianzi na Kisu

Pingili ya mgongo wa mzee haihitaji ajali ya bodaboda ili ipondeke. Kuinua ndoo ya maji, kuinama kufagia uwanja, hata kikohozi kikali kinatosha pale mfupa ulipokwisha kupungua madini yake. Maumivu huja ghafla, katikati ya mgongo au karibu na kiuno, huzidi mgonjwa akisimama na kupungua akilala. Yakimpata bibi wa Makole, hapa Dodoma, familia mara nyingi hugawanyika. Wapo wanaosema ni uzee, aachwe alale. Wapo wanaoanza kutafuta nauli ya Dar es Salaam na kuulizia gharama za upasuaji katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinakosea, tena kwa sababu ileile: zinadhani kwamba pasipo kisu hakuna tiba. Tiba ipo, na sehemu yake kubwa inaweza kufanyika hapahapa Dodoma.

Tuanze na kinachotamaniwa zaidi. Kwa zaidi ya miaka 30 madaktari wa nchi tajiri wamekuwa wakiingiza sindano ndani ya pingili iliyopondeka na kuijaza saruji maalumu. Wagonjwa wengi waliamka wakisema wamepona, na sifa zikaenea. Ndipo mwaka 2009 yakachapishwa majaribio mawili yaliyowagawa wagonjwa kwa bahati nasibu: kundi moja lilipata saruji halisi, jingine lilichomwa sindano ya ganzi tu huku kila kitu chumbani kikifanana. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na nafuu ilikuwa sawa. Jaribio la Uholanzi la mwaka 2018, lenye wagonjwa 180, lilifikia jibu hilohilo. Wanaotetea saruji hutaja jaribio la Australia la mwaka 2016, ambalo liliwachukua wagonjwa wenye maumivu makali ndani ya wiki 6 za kwanza na kuona faida. Hoja hiyo ni ya haki, nami siipuuzi: yupo mgonjwa mmoja mmoja ambaye maumivu hayamwachi hata kwa dawa, na huyo anastahili kupelekwa kwa bingwa. Lakini kwa walio wengi, maumivu hupungua yenyewe ndani ya wiki 6 hadi 12. Familia inayouza ng'ombe ili kununua saruji huenda inalipia nafuu ambayo ingekuja hata hivyo.

Kosa la pili, la kitanda, ni baya zaidi kwa sababu linafanywa kwa upendo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007 uliwalaza wazee wenye afya njema kwa siku 10 tu. Walipoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Mzee ambaye tayari ana mgongo unaouma hana akiba hiyo ya kupoteza. Siku mbili tatu za kupumzika zinakubalika. Baada ya hapo aketi, asimame, atembee hatua chache ndani ya nyumba akiwa na fimbo au mtu wa kumshika, na kila siku aongeze kidogo. Dawa ya maumivu hapa si anasa, ni kitu kinachomwezesha kusimama. Parasetamo kwa saa maalumu ndiyo ya kuanzia. Diklofena, ambayo maduka ya dawa huitoa kwa urahisi mno, inaweza kumharibia mzee figo na tumbo na kumpandisha shinikizo la damu. Mikanda ya mgongo nayo isitegemewe sana: jaribio la Korea la mwaka 2014 lililinganisha mkanda mgumu, mkanda laini na kutovaa kabisa, na baada ya wiki 12 halikuona tofauti. Kinachosaidia zaidi ni mtaalamu wa fiziotherapia kumfundisha mazoezi ya kunyoosha mgongo, na familia kubadilisha kazi za nyumbani: asiinue ndoo, asiiname kwenye jiko la chini, na choo cha kuchuchumaa kiwekewe kitu cha kushikilia.

Haya yote, hata yakifanywa vizuri, ni nusu ya tiba. Nusu nyingine karibu kila mara husahaulika, kwa kuwa maumivu yakiisha kila mtu huamini kwamba ugonjwa umekwisha. Ugonjwa haukuwa pingili moja. Ni mifupa yote. Kati ya wanawake 5 waliopata mpondeko mpya, mmoja hupata mwingine ndani ya mwaka mmoja, na mgongo huzidi kupinda mpaka mapafu na tumbo vikakosa nafasi. Dawa ya kuzuia hilo ipo, inaitwa alendroneti. Mwaka 1996 yalitoka matokeo ya wanawake 2,027 ambao tayari walikuwa na mpondeko: kwa miaka 3, waliopata mpondeko mpya walikuwa asilimia 15 ya wasioitumia, na asilimia 8 ya walioitumia. Ni kidonge kimoja kwa wiki, kinachomezwa asubuhi kabla ya chochote, kwa glasi nzima ya maji matupu, si chai wala maziwa, kisha mgonjwa akae wima kwa nusu saa ili kisimchome koo. Anayeshindwa kukaa wima hapaswi kukimeza, na hiyo ni sababu nyingine ya kumtoa kitandani mapema. Mwenye figo dhaifu apimwe kwanza.

Watu watauliza: Dodoma yenye jua la mwaka mzima, mifupa inadhoofikaje? Ni kweli jua hutupa vitamini D. Utafiti wa mwaka 2012 uliwapima Wamasai na Wahadzabe wa hapa Tanzania ukakuta wana kiwango kizuri sana. Lakini vitamini D hairudishi homoni inayopotea hedhi inapokoma, wala haiondoi athari za miaka ya kutumia dawa ya prednisoloni. Wengine watasema mashine ya kupima uzito wa mifupa ni adimu. Ni adimu kweli, ila mpondeko uliotokea bila ajali, sababu nyingine zikishaondolewa, ni uthibitisho wa kutosha kuanza dawa.

Kuondoa sababu nyingine ndiyo kazi isiyorukwa, hasa hapa kwetu. Kifua kikuu hula pingili. Bruselosi ya maziwa yasiyochemshwa huushambulia mgongo. Saratani ya tezi dume na ya matiti huhamia humo. Mzee mwenye homa, jasho la usiku, kukonda, miguu kufa ganzi au mkojo usiozuilika asifanyiwe mazoezi yoyote kabla ya kufika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Hospitali ya Benjamin Mkapa. Wengine waanzie kituo cha afya Makole, wapate rufaa ya picha ya eksirei, na waulize wazi dawa ya mifupa, si ya maumivu peke yake. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Wanaopanga kitita cha mafao wakiingiza kidonge hiki cha wiki na vipindi vya fiziotherapia, watakuwa wamewafikia wazee wengi kuliko chumba chochote cha upasuaji.