Maji Yanapoingia Kwenye Njia ya Hewa ya Injini

Injini ya petroli ya cc 1,500, kama zilizomo katika magari mengi madogo ya Afrika Mashariki, huvuta karibu lita 2,000 za hewa kwa dakika inapozunguka mara 3,000 kwa dakika huku mafuta yamekanyagwa yote. Hewa hiyo huingia kwenye mdomo wa bomba la plastiki, hupita katika kasha la filta, hupimwa na sensa iliyo baada ya filta, kisha hugawanywa kwenye silinda. Maji yakifika kwenye mdomo wa bomba, huvutwa kwa nguvu ile ile.

Katika magari mengi madogo mdomo huo uko nyuma ya shoo ya mbele, karibu na taa, au ndani ya digadi. Mvua ya kawaida haileti madhara: bomba hupindishwa ili matone yaanguke kabla ya kufika kwenye filta, na makasha mengi yana tundu dogo chini la kutolea maji. Tundu hilo likizibwa na vumbi au majani, maji hutuama ndani ya kasha.

Filta nyingi ni karatasi iliyokunjwakunjwa. Ikilowa, vinyweleo vyake huzibwa na maji na hewa hupita kwa shida. Gari hukosa nguvu, na injini ya dizeli huweza kutoa moshi mweusi. Karatasi iliyolegea huweza kupasuka, na hapo vumbi hupata njia ya kuingia kwenye silinda na kula ringi za pistoni. Ndiyo maana filta iliyolowa hubadilishwa. Kuianika juani hakurudishi uimara wake.

Hatari kubwa zaidi huanza maji yakivuka filta. Pistoni inapopanda hugandamiza hewa katika nafasi ndogo inayobaki juu yake. Katika injini ya cc 1,500 yenye silinda nne na uwiano wa mgandamizo wa 10 kwa 1, nafasi hiyo ni mililita 42 hivi, pungufu ya vijiko vikubwa vitatu. Katika dizeli ya cc 2,500 yenye uwiano wa 18 kwa 1, ni mililita 37 tu, ingawa injini yenyewe ni kubwa zaidi. Hewa hugandamizika, lakini maji karibu hayagandamiziki kabisa. Yakizidi nafasi hiyo, pistoni hukwama kabla ya kufika juu huku krankishafti ikiendelea kuisukuma. Konrodi, yaani mkono unaounganisha pistoni na krankishafti, ndiyo hupinda.

Ukubwa wa hasara hutegemea mwendo wa injini. Ikiwa katika sailensa, huenda ikazimika tu, au konrodi ikapinda kidogo. Katika mizunguko 3,000, pistoni hutoka chini hadi juu kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Konrodi huweza kukatika na kutoboa bloku. Dizeli hupata pigo kubwa zaidi, kwa kuwa nafasi yake ni finyu na haitegemei cheche za plagi, ambazo katika petroli zikizimwa na maji huifanya injini ikohoe na kuzimika mapema.

Kina cha maji peke yake hakitoshi kupima hatari. Gari linaloingia majini kwa kasi husukuma wimbi mbele ya bampa, na wimbi hilo hupanda juu kuliko maji yenyewe. Lori linalokuja upande wa pili huleta lake. Wakati wa masika, kwenye Barabara ya Morogoro eneo la Jangwani, Dar es Salaam, ambako Mto Msimbazi hufurika, maji yanayofika nusu ya tairi huweza kurushwa hadi usawa wa taa. Kuosha injini kwa mashine ya presha nako hulowesha filta, kasha likiwa halikufungwa vizuri.

Snokeli huinua mdomo wa hewa hadi usawa wa paa, lakini husaidia tu ikiwa viungo vyote kutoka juu hadi kwenye kasha vimezibwa kabisa. Nyingi hufungwa kwa ajili ya vumbi, na kiungo kimoja kilicholegea ndani ya digadi kinatosha kuvuta maji.

Gari likizimika majini, jambo linalookoa injini ni kutoliwasha tena. Injini nyingi huharibika dereva anapong'ang'ania ufunguo, au watu wanapolisukuma likiwa kwenye gia ili liwake. Gari la haibridi lizimwe kabisa, kwa sababu huweza kuwasha injini lenyewe. Baada ya kulivuta hadi pakavu, fundi hufungua kasha la filta. Filta na bomba la baada yake vikiwa vikavu, huenda maji hayakufika ndani. Vikiwa vimelowa, hutoa plagi zote, au nozeli kwa dizeli, hukata mafuta na umeme wa cheche, kisha huzungusha injini taratibu kwa spana kwenye puli ya kranki. Ikizunguka bila kukwama, hutumia starta kutoa maji yaliyobaki, akikaa mbali na matundu. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa huonyesha maji yameshuka hadi kwenye sampu. Humwagwa pamoja na filta yake, na hubadilishwa tena baada ya mwendo mfupi.

Gari kuwaka si uthibitisho kwamba limepona. Konrodi iliyopinda kidogo huwa fupi, hivyo pistoni haifiki tena ilipokuwa ikifika. Kipimo cha mgandamizo huonyesha silinda moja iko chini kuliko nyingine, na silinda ikifunguliwa, utepe wa masizi kwenye ukuta wake huonekana mpana kuliko wa silinda jirani. Konrodi hiyo huweza kukatika majuma au miezi baadaye, barabara ikiwa kavu. Kwa hiyo kipimo cha mgandamizo kwa kila silinda ni sehemu ya matengenezo, hata injini inaposikika nzima.