Kitufe cha Shingoni

Mzee aangukaye nyumbani peke yake hukabiliwa na khatari mbili. Ya kwanza ni kuvunjika. Ya pili, ambayo wengi hawaifikiri, ni kule kulala chini. Saa zikipita yu sakafuni, mwili hupoa, maji humpungukia, na nyama iliyobanwa huanza kuharibika na kumwaga sumu katika damu hata mafigo yakadhurika. Pengine hata mfupa mmoja haukuvunjika, na mzee akafa.

Kwa ajili hiyo kilibuniwa kitufe kidogo cha kuvaa shingoni au mkononi. Kikibonyezwa hupeleka ishara kwenye kisanduku cha simu kilichomo nyumbani, nacho hupiga simu katika kituo ambako yuko mtu wa kujibu usiku na mchana. Huko Marekani, Andrew Dibner, mtaalamu wa mambo ya uzee, alianzisha kampuni ya kazi hiyo mwaka 1974.

Lakini kitufe hakijibonyezi. Mwaka 2008 wataalamu wa Cambridge, Uingereza, walitangaza habari za wazee waliopita miaka 90 waliokuwa wakiwafuatilia. Wengi wa walioanguka na kulala chini muda mrefu hawakutumia vitufe walivyokuwa navyo. Wako ambao hawakuzoea kuvivaa. Wako waliojaribu wasiweze. Na wako walioamua kwa akili zao timamu kutoita mtu. Hawa wa mwisho, vijana wasomaji, msiwaite wajinga. Mtu aliyelea watoto na kuendesha nyumba yake huona uzito kuita wageni wamwinue. Basi mzazi na ashauriwe kwanza, achague mwenyewe nani apigiwe. Asivishwe kitufe kama mtoto avishwavyo hirizi.

Wengine hukivua waendapo kuoga au kutawadha, yaani pale pale penye utelezi. Vingi havipenyi maji. Kilichofungwa mkononi kisogezwe tu, maji yafike chini yake.

Tena iko njia ya simu yenyewe. Uingereza ilipokuwa ikibadili simu za waya za kale ziwe za kidijitali, baadhi ya vyombo hivi vilishindwa kuita, hata Desemba 2023 makampuni makubwa ya simu yakakubali kutowahamisha wateja hao kwa nguvu. Kwa hiyo mwenye mzazi aliye na kitufe akae naye kila mwezi, mzazi akibonyeze kwa mkono wake, wangoje pamoja mpaka kituo kijibu.