Kutengenezesha bastola: namna ya kumjua fundi mwenye unaweza kumwachia



Kuna swali lenye liliingia katika kundi letu na likabaki bila jibu la maana, watu walicheka tu. Yaya mmoja wa promosheni za mbele, mwenye anaishi Liège kule Ubelgiji, ni mwanachama wa klabu ya kupiga shabaha. Amenunua bastola ya zamani, ile Browning yenye wanaita GP, na karatasi zake zote ziko sawa. Sasa anataka kuitengenezesha ikae vizuri katika mkono wake. Aliuliza: nitamjuaje fundi mwenye anajua kazi? Mimi ni agronome, lakini mnanijua, mashine yoyote yenye iko na resori na vis naipenda, na hii nimeisoma sana. Naandika juu jibu lilikuwa refu kwa audio ya dakika tano.

Niweke kitu kimoja wazi. Kwetu raia kuwa na bastola bila ruhusa ya serikali ni kosa, na hakuna mtu wa Kivu mwenye nahitaji kumweleza bunduki inaleta nini katika mtaa. Kwa hiyo naongea juu ya Ubelgiji, fasi mchezo huu uko na sheria yake na mafundi wake. Usichukue maandishi haya uende nayo kwa muchuma wa kijijini.

Tuanze na bastola yenyewe. FN ni kiwanda cha Herstal, pembeni ya Liège. Kilianzishwa 1889 ili kutengenezea jeshi la Ubelgiji bunduki 150.000 za Mauser. Wazee wetu wanakijua kwa sababu ya FAL, ile bunduki ndefu ya wakati wa Mobutu. John Browning, Mmarekani mwenye alichora silaha nyingi sana, alikufia pale pale Herstal mwaka 1926, GP ikiwa haijakamilika. Mbelgiji Dieudonné Saive njo aliimaliza, na mwaka 1935 jeshi la Ubelgiji likaipokea. Ilibeba risasi 13 katika sharjeri, wakati bastola nyingi za siku zile zilibeba 7 au 8. Ilitengenezwa zaidi ya miaka 80. Matokeo yake: vipande vyake vinapatikana, na kila mtu mwenye tupa mkononi anasema anaijua.

Watu wanabadilisha nini juu yake? Mpini ni kazi ndogo, vis moja kila upande, yaya anaweza kuifanya mwenyewe kwenye meza ya jikoni. Alama za kulengea za zile za zamani ni ndogo sana, macho ya miaka 50 hayazioni. Lakini kuweka kubwa kunaweza kuomba kukata chuma cha juu, na chuma chenye kimekatwa hakirudi. Kuna tena nyundo yake, yenye inauma ngozi kati ya kidole gumba na kidole cha kwanza. Wenye mikono minene wanatoka damu kabisa. Fundi anaweza kuweka nyundo fupi, na mateso yanaisha.

Shida kubwa iko kwa kifyatulio.

GP inajulikana kwa kifyatulio kizito chenye kinakwaruza. Sababu moja ni kizuizi kidogo ndani yake: ukitoa sharjeri, bastola haipigi tena, ata ukivuta namna gani. Kizuizi hicho kinasukumana na sharjeri kila mara unapovuta, njo ule mkwaruzo. Historia yake inachekesha kidogo. Jeshi la Ufaransa njo liliomba bastola yenye iko na kizuizi cha namna ile, FN ikakiweka, kisha Wafaransa wakachagua bastola ingine. Kizuizi kikabaki.

Wapiga shabaha wengi wanaomba kitolewe. Kukitoa si kazi ngumu, na kifyatulio kinakuwa laini mara moja, mteja anafurahi, fundi analipwa. Kwa hiyo ukitaka kumpima fundi, muombe kazi hii na usikilize anakujibu nini.

Fikiri namna ajali inatokea. Mtu anatoa sharjeri, anaiona mkononi mwake, anajisemesha: haina kitu tena. Lakini risasi moja imebaki ndani ya mtutu. Anavuta kifyatulio ili kushusha nyundo, ao anamupa mtoto ashike. Kizuizi kile kiliwekwa kwa ajili ya dakika ile. Yaya aliniambia: «Mimi naangalia ndani kila mara.» Namwamini. Lakini bastola haikai na mtu mmoja milele. Itauzwa, itarithiwa, itashikwa na mwenzake wa klabu mwenye anajua kwamba GP bila sharjeri haipigi, mwenye hajui kwamba hii moja ilitengenezwa. Mimi niko upande wa fundi mwenye anakataa, ata kama wapiga shabaha watanikasirikia.

Kuna fundi mwenye hatakataa wazi, atakuonyesha njia ingine: kusafisha na kulainisha fasi kizuizi kinagusa, kuweka resori mupya yenye haijachoka. Uzito unapungua kiasi, si sana, na kizuizi kinabaki. Huyu pia ni mzuri.

Mwenye unapaswa kumkimbia ni ule mwenye anachukua tupa. Ndani ya bastola, kipande chenye kinashika nyundo na meno ya nyundo yenyewe ni chuma chenye kilipitishwa kwenye moto ili kigumuke, na ugumu mara nyingi uko juu juu tu, kama ganda. Ukisugua sana unaondoa ganda, unafika kwenye chuma laini. Siku ya kwanza kifyatulio kinateleza kama siagi. Kisha risasi mamia kazaa, meno yanaanza kuliwa, na nyundo inaweza kuanguka yenyewe bila kidole, ao bastola inapiga mbili wakati umevuta mara moja. Hakuna mtu anaona ule uharibifu kwa macho. Njo maana fundi wa kweli hapendi kusugua, anapendelea kubadilisha kipande kizima, na anapima uzito wa kuvuta mbele ya kazi na kisha kazi, anakuandikia namba zote mbili.

Sasa karatasi. Ubelgiji, tangu sheria ya tarehe 8 juni 2006, mtu hafungui tu duka la silaha kwa kuweka kibao mlangoni. Lazima gavana wa provensi amkubali, aonyeshe kwamba anajua kazi, na aeleze ata pesa alianzia kazi nayo zilitoka wapi. Anashika pia rejista ya silaha zenye zinaingia na kutoka. Kwa hiyo swali la kwanza kabisa ni rahisi: agrément yako iko wapi? Mwenye iko nayo haoni haya kuonyesha. Na angalia kama yeye pia anakuuliza karatasi zako mbele ya kugusa bastola. Mwenye anapokea silaha bila kuuliza ni ya nani, ya kwako pia atampa mtu bila kuuliza.

Liège iko tena na kitu chenye miji mingi haina, Banc d'épreuves. Kanuni yake ya kwanza ilitoka mwaka 1672, chini ya askofu-mtawala wa mji. Kazi yao: kila silaha inapigwa risasi zenye nguvu kupita za kawaida, kwa bastola karibu 30 kwa mia juu ya kiasi cha mwisho chenye kinaruhusiwa, kisha wanaichunguza. Ikivumilia inapigwa alama: herufi ELG ndani ya duara refu lenye taji juu, na alama ya perron, ile nguzo ya mji. Kwa watu wa agronomia ni kama etiketi ya SENASEM juu ya mufuko wa mbegu. Muuzaji anaweza kuapa kwa mama yake kwamba mahindi yake inaota. Wewe unatafuta etiketi, juu kuna mtu mwenye hauzi kitu ambaye aliihesabu ikiota.

Tofauti na mbegu, alama ya silaha iko na maana kwa vile vipande tu. Ukibadilisha mtutu, ao kipande kingine chenye kinabeba nguvu ya mlipuko, lazima irudi ipigwe tena. Hapa njo mafundi wengi wanakimbilia njia ya mkato, juu kurudisha kunakula siku na pesa. Muulize fundi: ukiweka mtutu mupya, nani atairudisha Banc d'épreuves, mimi ao wewe? Akikuambia «haina lazima», chukua bastola yako na useme asante.

Yaya alikuwa ameshapita kwa mafundi wawili mbele ya kuniandikia. Wa kwanza alimwambia ndiyo kwa yote: kizuizi kutoa, kifyatulio kusugua, siku mbili, pesa mkononi, bila fakitire. Wa pili, mzee, alimuuliza maswali mpaka yaya akachoka. Unapigia nini, karatasi ao chuma? Risasi gani? Nyumbani kuna watoto? Alikataa kizuizi, akakubali nyundo na alama, akasema wiki sita. Yaya alimwona kama mtu wa kiburi. Mimi nilipenda sana lile swali la watoto.

Bado ningemuomba aende klabuni na aulize watu wenye bastola zao zilitengenezwa na huyo mzee miaka mitatu ao mine yenye ilipita. Si wale wa mwezi jana. Kazi mupya yote inapendeza, na kifyatulio kilichoharibiwa kinaonekana kisha risasi elfu. Liège kuna pia shule ya ufundi wa silaha, Léon Mignon, vijana wanatoka pale na diploma. Lakini diploma, sisi wenye tunazo tunajua, inaonyesha fasi mtu alianzia.

Siku ya kuchukua bastola, yaya asiondoke bila vitu hivi: vipande vya zamani vyote, ata resori moja iliyochoka, ndani ya bahasha, fakitire yenye inataja kila kipande kilichobadilishwa, zile namba mbili za uzito, na kama mtutu uliguswa, alama mupya yenye anaiona kwa macho yake juu ya chuma. Aiweke bahasha pamoja na karatasi za bastola. Siku akiuza, mnunuzi mwenye akili ataiomba, na mwenye haiombi, yaya afikiri mara mbili mbele ya kumuuzia.