Kabla ya kulipa ada, uliza habari za saa 400

Anayetaka kusoma uzamili wa tiba ya usemi na lugha kwa njia ya mtandao huanza na maswali mawili. Intaneti ya nyumbani itahimili? Ada nitaitoa wapi? Ni maswali ya haki, na hilo la pili linaweza kumkosesha mtu usingizi. Lakini liko la tatu lenye uzito kuliko yote mawili, na ni rahisi kulikumbuka limechelewa, fedha za muhula wa kwanza zikiwa zimeshalipwa: nani atanitafutia mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo, na nani atanisimamia?

Tuanze na kazi yenyewe, maana haifahamiki vizuri. Ukimwambia jirani kwamba unasomea tiba ya usemi, atadhani unakwenda kuwashughulikia watoto wenye kigugumizi. Kigugumizi kimo. Wamo pia mtoto wa miaka mitatu ambaye hajatamka neno, mtoto mwenye usonji anayejifunza kuomba maji kwa kugusa picha kwenye tableti, aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka na sauti yake inatokea puani, mwalimu aliyepaza sauti kwa miaka ishirini darasani hadi ikakatika, na mzee ambaye kiharusi kimemwachia akili timamu lakini kimemnyang'anya maneno.

Halafu kuna kumeza. Hapo ndipo wanafunzi wapya hushtuka, kwa sababu hawakujua kwamba ni kazi yao. Mgonjwa wa kiharusi akinywa maji, maji yanaweza kuingia njia ya hewa badala ya njia ya chakula, na wengine hawakohoi hata kidogo. Familia inaona mzee amekunywa vizuri. Baada ya siku chache amepata nimonia. Mtaalamu wa usemi na lugha ndiye anayempima, ikibidi kwa picha za eksirei zinazoonyesha mgonjwa akimeza chakula kilichochanganywa na bariamu, kisha anashauri kinywaji kiwe chepesi au kizito kiasi gani.

Uzito huo una vipimo vya kimataifa vinavyojulikana kwa kifupi kama IDDSI, vyenye madaraja kuanzia sifuri hadi saba. Kipimo cha vinywaji ni rahisi kiasi cha kushangaza. Unaziba ncha ya sirinji kwa kidole, unajaza mililita 10, unaachia kwa sekunde 10, kisha unaangalia kilichobaki. Ikibaki chini ya mililita moja, kinywaji ni cha daraja la sifuri. Zikibaki kati ya nne na nane, ni daraja la pili. Sasa fikiria uji. Uji wa ulezi wa nyumba hii si uji wa nyumba ile. Ukipoa unaganda, na usipokorogwa vizuri una mabonge. Mtaalamu anayelijua jiko la Mswahili atamwambia binti wa mzee apime uji ukiwa katika joto lile lile atakalounywea baba, na auchuje kwanza. Asiyelijua ataandika jina la unga wa kuongezea uzito unaouzwa kwenye duka la dawa asilojua kama liko karibu na mgonjwa.

Mhadhara uliorekodiwa unaweza kukuonyesha hiyo sirinji mara kumi. Hauwezi kukupa vidole. Kumpima mtu anavyomeza ni pamoja na kuweka vidole juu ya koromeo lake na kusikia linavyopanda, linapanda kwa nguvu au linajikokota, linapanda mara moja au linasita. Jambo hilo hulijui mpaka umegusa shingo nyingi, za wazima na za wagonjwa, huku mtu aliyekutangulia amesimama pembeni akikuuliza umesikia nini.

Ndiyo maana ya saa 400. Nchini Marekani, ambako programu nyingi za mtandaoni za fani hii ziko, chama cha wataalamu wa usemi, lugha na usikivu, ASHA kwa kifupi, kilichoanzishwa mwaka 1925, hakimpi mtu cheti cha umahiri bila saa hizo. Kati ya hizo, 25 ni za kumtazama mtaalamu akiwa kazini na 375 ni za kumhudumia mtu mwenyewe. Mgonjwa wa kuigizwa kwenye kompyuta anakubalika, lakini kwa saa zisizozidi 75. Msimamizi lazima awe na cheti hicho hicho cha ASHA, awe amefanya kazi angalau miezi tisa baada ya kukipata, na awe amepata mafunzo ya kusimamia. Anatakiwa kukuangalia walau robo ya muda unaokaa na kila mgonjwa. Ukihitimu, bado kuna mtihani wa taifa uitwao Praxis, ambao alama ya kufaulu ni 162 katika kipimo cha kuanzia 100 hadi 200, na mwaka wa kwanza wa kazi chini ya mlezi: wiki 36, saa 1,260. Juu ya yote hayo kuna leseni ya jimbo.

Wapo wanaoona masharti haya ni urasimu. Mimi naona yana sababu, na sababu moja iko kwenye historia ya fani yenyewe. Mwaka 1939, mwanafunzi wa uzamili wa Chuo Kikuu cha Iowa, Mary Tudor, alifanya utafiti wa tasnifu yake kwa watoto 22 wa kituo cha mayatima huko Davenport, chini ya profesa wake Wendell Johnson. Baadhi yao walikuwa wanasema sawasawa. Sita kati ya hao wakaambiwa kwamba wana dalili za kigugumizi, kwamba wajichunge, kwamba ni heri wasiseme kuliko kusema vibaya. Baadhi yao wakawa watoto wa kukaa kimya, wanaoogopa midomo yao wenyewe. Chuo kiliomba radhi mwaka 2001. Neno la mtaalamu linaingia ndani ya mtoto na kukaa humo, hata likiwa la mwanafunzi. Kwa hiyo mtu asiachwe peke yake na mtoto wa mwenzake mpaka imethibitika kwamba anajua anachofanya.

Turudi kwenye skrini. Masomo ya nadharia kwa kweli yanakwenda vizuri mtandaoni: anatomia ya koo na ubongo, fonetiki, hatua za mtoto kujifunza lugha, takwimu. Vyuo vyenye jina, New York University na Emerson College cha Boston vikiwemo, vimefundisha uzamili huu kwa njia hiyo. Mwenye shahada ya kwanza ya fani nyingine, tuseme ualimu au isimu, hakatazwi kuomba. Ataanza na masomo ya msingi kabla ya uzamili wenyewe. Anayesoma muda wote humaliza kwa miaka miwili hivi, na anayechanganya na kazi huchukua kama mitatu. Baadhi ya programu huwaita wanafunzi chuoni kwa siku chache ili wakutane na walimu wao.

Kwa Mswahili anayeishi Marekani, mlango huu ni wa kweli. Chukua mfano wa mama aliye Columbus, Ohio, ana watoto wawili na kazi ya mchana shuleni. Darasa la ana kwa ana la mchana litagongana na kazi yake, na hawezi kuiacha. Programu ya mtandao inampa darasa la usiku watoto wakiwa wamelala. Lakini atafika muhula wa tatu, naye atahitajika hospitalini au shuleni kwa siku kadhaa za wiki, mchana, bila malipo. Programu nyingine ina ofisi inayomtafutia mwanafunzi nafasi hiyo na kusaini mkataba na hospitali. Nyingine inamwambia atafute mwenyewe. Tofauti kati ya hizi mbili ni kubwa kuliko tofauti yoyote ya ada, na inafaa iulizwe kwa maandishi na ijibiwe kwa maandishi: katika mji wangu, mna mikataba na hospitali zipi na shule zipi? Vilevile aulize kama programu inaruhusiwa kupokea wanafunzi wa jimbo lake, maana si zote zinaruhusiwa kila jimbo.

Kwa aliye Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, ukweli ni mgumu zaidi, na afadhali usemwe mapema. Kipindi cha saa mbili usiku cha New York kinamkuta Dar saa tisa usiku wakati wa kiangazi cha huko, na saa kumi alfajiri wakati wa baridi. Usingizi mtu anaweza kuupanga upya. Msimamizi mwenye cheti cha ASHA aliye tayari kukaa naye hospitalini Temeke au Kisauni kwa mamia ya saa ni jambo lingine kabisa. Asipopatikana, hakuna cheti, hata kama alama zote za darasani ni za juu. Mtu huyo ningemwambia aangalie kwanza nyumbani: Makerere, kule Kampala, ndicho kilichotangulia Afrika Mashariki kufundisha shahada ya kwanza ya tiba hii, na wagonjwa wa kujifunzia wako hapo hapo, wanaosema lugha zetu.

Lugha. Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Mwanafunzi Mswahili akimaliza saa zote 400, atakuwa amefundishwa kulisikiliza kosa la Kiingereza. Kosa la Kiswahili hakuna aliyemfundisha, naye ndiye atakayeitiwa mtoto wa Kiswahili.

Nenda Lexington, Kentucky, mji uliopokea familia nyingi za wakimbizi kutoka Kongo. Sheria ya Marekani ya elimu ya watoto wenye ulemavu, ambayo chimbuko lake ni mwaka 1975 na sasa inaitwa IDEA, inataka mtoto apimwe kwa lugha yake pale inapowezekana. Lakini kipimo kilichopo mezani ni cha Kiingereza. Mtoto akiona picha ya kitanda anasema "bedi", kwa sababu silabi za lugha ya mama yake huishia na irabu. Anahesabiwa kosa. Akichanganya r na l kama wanavyofanya watu wazima wengi kwao, kosa jingine. Mwisho wa asubuhi ana alama za chini na jalada lenye jina lake, wakati mtoto mwenyewe hana tatizo lolote. Amefika tu juzi.

Na Mswahili wa pwani naye asijiamini haraka. Mtoto wa mashariki ya Kongo anayesema "batoto" hajakosea. Wa Nairobi anayesema "kitabu yangu" anasema kama nyumba nzima inavyosema. Aliyelelewa Unguja, akasoma Kiswahili sanifu shuleni, anaweza kuwapa watoto hawa ugonjwa wasiokuwa nao kwa sababu ya sikio lake tu.

Kosa la upande wa pili linaniumiza zaidi. Ni pale mtaalamu anaposema, "Ni lugha mbili zinamchanganya, atazoea," na mtoto mwenye tatizo la kweli anapoteza miaka mitatu. Tatizo la kweli la lugha huonekana katika lugha zote za mtoto. Kwa hiyo lazima mtu akae na mama na kumuuliza mambo ambayo mkalimani wa simu hayafikii: ndugu zake walianza kusema lini? Bibi anamwelewa? Ukimtuma chumbani alete vitu viwili, analeta vyote? Analia badala ya kuomba? Mama akiulizwa hivyo kwa Kiswahili chake, na mtu anayemwamkia inavyostahili, atazungumza saa nzima. Akiulizwa kupitia binti yake wa miaka kumi aliyegeuzwa mkalimani, atajibu ndiyo na hapana.

Kitu cha kushika kipo, ingawa ni kidogo. Kamil Ud Deen alichapisha mwaka 2005 kitabu kuhusu watoto wanne wa Nairobi wanavyojifunza Kiswahili, na akaonyesha jinsi wanavyoacha viambishi vya nafsi na njeo kabla hawajavimudu, "taka" mahali pa "nataka". Nazneen Gangji, Michelle Pascoe na Mantoa Smouse walichapisha mwaka 2015 uchunguzi wa matamshi ya watoto 24 wa Dar es Salaam wenye umri wa miaka mitatu hadi kabla ya kutimiza sita, wasio na tatizo la usemi. Mwaka huo huo Katie Alcock na wenzake walitoa orodha za maneno za Kiswahili na Kigiriama zilizotayarishwa pwani ya Kenya, ambazo mzazi asiyejua kusoma anaweza kuulizwa kwa mdomo.

Watoto 24 wa Dar hawawezi kusimama badala ya Uvira, Kisumu, Zanzibar na Lexington. Mtaalamu wa Kiingereza ana vipimo vilivyokusanywa kwa maelfu ya watoto; wa Kiswahili ana kurasa chache za jarida na masikio yake. Programu nyingi za uzamili zina mradi wa utafiti ambao mwanafunzi huuchagua mwenyewe. Anayeomba nafasi mwaka huu aandike kwenye barua yake ya maombi, waziwazi, kwamba anataka kuwarekodi watoto wanaosema Kiswahili katika mji anaoishi, na aulize ni mwalimu gani wa chuo hicho atakubali kumsimamia kwa kazi hiyo. Wakimjibu kwa jina la mtu, hapo anaweza kulipa ada.