Kiuka, Ruka, Chupa: Istilahi za Mazoezi ya Vikwazo kwa Mbwa Wakubwa

Mwaka 1978, katika maonyesho ya mbwa ya Crufts mjini London, John Varley na Peter Meanwell walionyesha mchezo mpya uliobuniwa kwa mfano wa mashindano ya farasi warukao viunzi. Mbwa asiyefungwa kamba hupita vikwazo kwa mpangilio maalumu, akiongozwa kwa sauti na ishara za bwana wake. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mbwa wa jamii kubwa anavyoanzishwa mazoezi hayo, pamoja na istilahi zinazofaa.

Jina la Kiingereza la mchezo huu lina maana ya wepesi. Likitafsiriwa hivyo tu, msomaji aweza kudhani kwamba mbwa mzito, kama Rottweiler anayefikia kilo 50, hahusiki. Twapendekeza "mazoezi ya vikwazo", kwa kuwa jina hilo hutaja kitendo chenyewe.

Tatizo kubwa zaidi limo katika kitenzi. Wafasiri wengi wangeandika "ruka" kila mahali, ilhali Kiswahili kina vitenzi vitatu. Kukiuka ni kupita juu ya kitu bila kukikanyaga. Ingawa leo neno hili hutumika zaidi kuhusu sheria, maana yake ya asili ingali hai. Kuruka ni kuinuka kwa miguu yote. Kuchupa ni kujirusha kutoka juu hadi chini.

Tofauti hizi zina uzito kwa sababu ya maumbile. Karibu na ncha za mifupa mirefu ya mbwa mchanga mna tabaka laini ambalo bado halijawa mfupa. Neno lake la Kiingereza hutaja sahani, lakini "sahani ya ukuaji" haimwelezi msomaji lolote. "Gegedu la ukuaji" humweleza. Kwa mbwa wakubwa gegedu hilo huchelewa kukomaa, na likiumia mguu waweza kupinda au kuwa mfupi. Aidha, mbwa hao huelekea kupatwa na kasoro ya nyonga. Kwa hiyo daktari wa mifugo amkague mbwa kwanza, na uzito wake usizidi kiasi.

Katika hatua ya kwanza mbwa hujifunza kuketi, kungoja na kuitika anapoitwa. Kisha hukiuka fito zilizolazwa chini, juu ya majani wala si juu ya saruji. Hupitishwa pia katika handaki fupi lililonyooka. Kwa kuwa kipenyo cha handaki ni sentimita 60 hivi, mbwa mkubwa hana budi kuinama. Kuruka viunzi vilivyoinuliwa, pamoja na kupenya kwa kupindapinda katika safu ya nguzo 12, hungoja hadi mifupa ikomae. Kanuni za mashindano nchini Uingereza hazimruhusu mbwa kushindana kabla ya kutimiza miezi 18.

Vikwazo vya kupanda vina majina tayari katika lugha yetu. Mbao mbili zilizoegemezwa pamoja mfano wa paa ni "vipaa". Ubao mwembamba ulioinuliwa, wenye njia ya kupandia na ya kushukia, ni "ulalo", kama gogo la kuvukia mto. Sehemu ya chini ya kila mteremko hupakwa rangi tofauti, na mbwa hana budi kuikanyaga anaposhuka. Twaiita "sehemu ya kukanyaga". Shabaha yake ni kumzuia mbwa asichupe, maana anapotua kwa kishindo mabega na viungo vya miguu ya mbele hubeba uzito wote.

Kwa muhtasari, mbwa mchanga hukiuka, mbwa aliyekomaa huruka, na mbwa yeyote asiachwe achupe. Mfasiri akiandika "aruke ufito" mahali pa "akiuke ufito", mwalimu atakayemfuata atainua ufito huo, na atakayeumia ni mnyama. Yafaa basi mfasiri akitazame kwanza kitendo chenyewe, ndipo achague neno.