Faili Lililokwisha Kufunguliwa

Chukulia kuwa katika ghala la mkonge mjini Korogwe wapo makarani wawili wenye kompyuta za zamani zilizounganishwa kwa waya, nao hutumia faili moja. Mmoja huandika marobota yatokayo Handeni, mwingine yale ya Korogwe. Wote wasoma jumla ya marobota 400. Wa kwanza aongeza 30 na kuhifadhi 430. Wa pili, asiyejua, aongeza 20 juu ya 400 ile ile na kuhifadhi 420. Marobota 30 yamepotea bila ya mwizi.

MS-DOS 3.0 ya mwaka 1984 ilileta SHARE, programu inayokumbuka mafaili yaliyo wazi katika mashine inayoyatunza. Mtunga programu haulizi kama faili li wazi. Huomba kulifungua kwa sharti la kuwanyima wengine wote. Akikataliwa kwa kuwa faili li wazi kwa mwingine, ametanguliwa, basi na asubiri. Akikubaliwa, asilifunge kabla ya kuandika jumla mpya. Kuuliza kwanza, kisha kufungua, huacha mwanya ambamo karani wa pili aweza kupenya. SHARE isipopakiwa, sharti hilo hupuuzwa, na hakuna kosa litakaloonyeshwa.